Sponji: Neno Moja katika Maisha ya David Livingstone

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilifanya kazi ya kutafsiri ambayo mpaka leo inaniwasha moyoni. Nyumbani kwetu ni Bihambwe, katika njia inayotoka Sake kwenda Masisi. Shirika moja lililokuwa likihudumu huko lilikuwa na karatasi ya tahadhari kuhusu mafuriko, nayo ilikuwa kwa Kiingereza. Walitafuta mtu wa kuitia katika Kiswahili, nami nikajitolea, kwa kuwa kijijini nilikuwa nimekwisha kujulikana kama mtoto wa kitivo cha lugha. Karatasi ile ilionya juu ya vijito kujaa ghafla mahali ambapo ardhi imekwisha kulowa hadi haiwezi kupokea maji zaidi. Mimi niliona maelezo hayo ni marefu, nikayafupisha. Niliandika kwamba watu wasivuke vijito wakati mvua kubwa inanyesha. Sentensi yangu ilikuwa fasaha, ikabandikwa karibu na soko.

Majuma machache baadaye, asubuhi ya jua kali, jirani yetu alishuka na chukudu yake iliyobeba magunia ya viazi. Usiku uliopita yalikuwa yamenyesha manyunyu tu. Lakini bonde la juu lilikuwa limelowa kwa siku nyingi mfululizo, na yale manyunyu yakatosha. Kijito kikaja na matope na magogo, kikamkuta katikati. Watu walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Chukudu na viazi vilikwenda, na chukudu ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto wake. Nilipokwenda kumpa pole hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba karatasi ilitaja mvua, na asubuhi ile mvua haikuwapo.

Miaka miwili baadaye, katika somo la historia ya tafsiri, nilipewa kusoma maisha na shajara za David Livingstone, yule daktari na mmisionari wa Uskoti ambaye jina lake tunalijua tangu shule ya msingi. Nilidhani ningesoma habari za simba, maporomoko na Stanley. Nilisimama kwenye neno moja dogo, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Neno hilo ni sponge. Kila mwanafunzi wa Kiingereza anajua kwamba ni sponji, kile kitu laini cha kuogea au cha kujazia godoro. Livingstone alilitumia kwa maana ambayo kamusi zetu za darasani hazina. Kwake yeye, sponge ilikuwa ni aina ya ardhi, na ilikuwa ndiyo maelezo yake ya jinsi mafuriko yanavyotokea katikati ya Afrika. Ninataka kusimulia maisha yake kwa kulifuata neno hilo, kwa maana lilimfundisha mengi, na mwishowe likawa mahali alipoishia.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde. Familia yote iliishi katika chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani kuunganisha nyuzi zilizokatika, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikisimamisha juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake. Sisi wa kitivo hiki tungefanya vizuri kukumbuka kwamba msafiri huyu alianza kwa sarufi.

Mwaka 1836 alianza kusomea utabibu Glasgow. Alipofaulu, mwaka 1840, Chama cha Misioni cha London kilimtuma Afrika Kusini. Alifika mwaka 1841, akaenda Kuruman, kituo cha mzee Robert Moffat, mtu aliyekuwa akiitafsiri Biblia katika Kitswana. Livingstone hakutaka kujifunza lugha kwa kupitia wakalimani. Alijitenga kwa miezi kadhaa akaishi na Watswana peke yao mpaka akaweza kusema bila msaada. Baadaye aliandika uchambuzi wa lugha hiyo. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimvunja mkono wa kushoto karibu na bega, na mkono huo haukupona sawasawa tena. Mwaka uliofuata alimwoa Mary, binti wa Moffat, ambaye alizaliwa Afrika na alikisema Kitswana vizuri kuliko mumewe.

Kwa upande wa maji, elimu yake ilianza mwaka 1849. Akiwa na wenzake wawili wawindaji alivuka jangwa la Kalahari kwenda ziwa Ngami. Njiani waliufuata mto ambao leo unaitwa Boteti. Ilikuwa kiangazi, nchi imekauka, hakuna wingu. Lakini mto ulikuwa ukipanda. Maji yalikuwa safi na baridi, na yaliongezeka siku hadi siku ilhali mvua haikuwapo. Wenyeji walijua kwamba hutokea hivyo kila mwaka. Livingstone aliwauliza yanakotoka, wakamwelekeza kaskazini, kwenye nchi ya mito mingi. Sasa tunajua kwamba mvua inayonyesha katika nyanda za juu za Angola huchukua miezi kushuka hadi Botswana. Mafuriko ya pale ni mvua iliyonyesha zamani, mahali pengine. Livingstone aliondoka na swali ambalo halikumwacha tena: kwa nini maji huchelewa?

Swali hilo alilibeba katika safari iliyompatia jina. Kati ya mwaka 1853 na 1856, akiwa na wanaume wa Kikololo waliotolewa na mfalme Sekeletu, alitoka Linyanti hadi Luanda kwenye Atlantiki, akarudi, kisha akashuka na Zambezi mpaka Quelimane kwenye bahari ya Hindi. Novemba 1855 aliyaona maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, naye akayapa jina la malkia wake. Katika magharibi ya njia yake alivuka tambarare zilizofunikwa maji kiasi cha mapaja, zenye majani tele na maji yaliyosimama kimya. Aligundua kwamba pale ndipo mito mikubwa inapozaliwa. Mito ile haikutoka kwenye chemchemi ya mlimani, kama alivyoizoea Uskoti. Ilitoka kwenye nchi tambarare iliyolowa.

Aliporudi Uingereza alipokewa kama shujaa, na kitabu chake cha mwaka 1857 kilinunuliwa na watu wengi sana. Lakini heshima ile ilificha kosa moja. Aliposhuka na Zambezi alikata njia ya mkato mahali fulani, hakuuona mto ukipita kwenye magenge ya Kebrabasa. Aliwaambia Waingereza kwamba mto unapitika kwa meli. Mwaka 1858 serikali ilimpa meli na wasaidizi, na meli ikakwama mbele ya mawe hayo hayo. Safari hiyo ya Zambezi ilidumu mpaka mwaka 1864 na ilimletea huzuni nyingi. Mary, aliyekuwa amerudi kuungana naye, alikufa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Wamisionari waliokuja kwa kusikia wito wake walikufa mmoja baada ya mwingine. Serikali ikamwita arudi. Livingstone alikuwa na macho makali kwa kitu alichokiona, na imani kubwa mno kwa kitu ambacho hakukiona. Tabia hizo mbili zilikwenda naye hadi kaburini.

Mwaka 1866 alianza safari ya mwisho kutoka Zanzibar. Alitumwa kutafuta mgawanyiko wa maji wa Afrika ya kati, na moyoni alitaka chanzo cha Nile. Alikuwa na miaka 53. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Chuma na Susi, vijana waliokuwa wamekwisha kumtumikia huko nyuma. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili, na ndiyo maana shajara zake zimejaa maneno yetu. Mapema mwaka 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa, na tangu siku hiyo Livingstone aliishi na homa bila kinga. Mwishoni mwa mwaka huo aliliona ziwa Mweru. Julai 1868 alifika Bangweulu, katika nchi ambayo sasa ni Zambia.

Hapo ndipo alipolitia neno sponge katika maana yake mpya na kulieleza kwa kirefu. Nitajaribu kueleza alichokiona, kwa maneno yangu. Katikati ya misitu kuna mabonde mapana yasiyo na miti, yamefunikwa majani mafupi. Kwa mbali mtu angeyadhani ni malisho mazuri. Chini ya majani kuna udongo mweusi wenye vitundu, nao umekaa juu ya mchanga. Wakati wa kiangazi udongo huo hunywea na kupasuka. Mvua za kwanza zinapoanza, mto haupandi. Maji yote huingia katika mipasuko na vitundu, na mtu asiyejua hushangaa kuona mvua inanyesha na kijito kimenyamaza. Siku hupita, na udongo unaendelea kunywa, unavimba, mipasuko inafungana. Halafu siku moja bonde haliwezi kunywa tena. Kuanzia hapo kila tone linaloanguka hutoka. Maji huchuruzika kutoka kila upande, vijito hujaa, na mito hubaki imejaa hata mvua ikiisha. Kuvuka bonde la namna hiyo kulikuwa adhabu. Miguu ilizama, na ruba walishika ngozi. Alivuka mabonde kama hayo kwa makumi.

Kwa nini aliyaita sponji? Naona ni kwa sababu neno hilo hueleza tendo zaidi ya umbo. Kiingereza kilikuwa na maneno mengi ya kutaja majimaji: bog, marsh, swamp. Livingstone aliyajua yote, na mara nyingine aliyatumia. Lakini maneno hayo humwambia msikilizaji kwamba mahali fulani pana maji, basi. Sponji humwambia kitu cha pili: kwamba mahali hapa panakunywa, na kwamba kunywa kuna mwisho. Ukiishika sponji kavu na kumimina maji, mkono wako haulowi. Ukiendelea kumimina, unafika wakati ambapo tone moja linatosha kuufanya mkono wote uchuruzike. Tone hilo la mwisho si kubwa kuliko mengine. Kinachotofautiana ni hali ya sponji.

Niliposoma maelezo hayo nilimkumbuka jirani yetu na manyunyu ya usiku ule. Nilikuwa nimetafsiri tone, sikutafsiri sponji.

Livingstone aliamini kwamba kwa neno hilo amefumbua fumbo la mafuriko ya mito mikubwa ya Afrika, na hata yale ya Nile ambayo Wamisri waliyasubiri kila mwaka. Katika jambo la Nile alikosea. Mafuriko ya Misri yalitoka hasa kwenye mvua za milima ya Ethiopia, zinazoshuka kwa Nile ya Buluu na Atbara. Wataalamu wa maji waliokuja baadaye wamebishana pia juu ya kiasi ambacho mabonde hayo hulisha mito wakati wa kiangazi, maana maji mengi hupotea kwa jua na kwa majani. Lakini kwamba bonde lililolowa halipokei tena mvua na huirusha yote mtoni, jambo hilo lipo, na yeyote aliyekulia mahali penye mabonde anaweza kulishuhudia.

Mwaka 1869 alivuka ziwa Tanganyika, akaingia Manyema, ambayo leo ni Maniema katika nchi yetu. Sehemu hii ya maisha yake inatugusa sisi wa Kivu kwa karibu. Alikuwa akiutafuta mto Lualaba. Alikuwa mgonjwa, ana vidonda miguuni ambavyo vilimlaza Bambarre kwa miezi katika mwaka 1870, na alitegemea chakula na hisani ya wafanyabiashara wa pwani, ambao biashara yao ya watumwa aliichukia. Karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mimea. Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Hakupata mitumbwi ya kuushuka.

Maji mengi ya Masisi upande wa magharibi hufuata mto Oso, huingia Lowa, hupita Walikale na kuishia katika Lualaba. Lowa inaungana na Lualaba kaskazini zaidi, mahali ambapo Livingstone hakufika. Kwa hiyo hakuwahi kuona maji yetu. Lakini aliposimama Nyangwe na kuamini kwamba mto ule mpana unakwenda Misri, alikuwa akiyapeleka maji ya milima yetu mahali ambapo hayaendi. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipima mto ule pale Nyangwe akaonyesha kwamba hauwezi kuwa Nile, na mwaka 1877 Stanley akaufuata mpaka Boma. Lualaba ni Kongo.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa mfanyabiashara mmoja walifyatua bunduki katikati ya wanawake waliokuwa wakiuza na kununua pale Nyangwe. Waliokimbilia mtoni walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Aliacha kuutafuta mwisho wa mto, akageuka na kurudi Ujiji, amekonda na hana kitu. Taarifa yake ya siku hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya kumshurutisha Sultani wa Zanzibar, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Yeye hakuishi kusikia habari hizo.

Stanley alimkuta Ujiji kuelekea mwisho wa mwaka 1871, akampa dawa, chakula na kampani. Alimsihi arudi Ulaya. Livingstone alikataa, akabaki karibu na Tabora kungoja wapagazi, na Agosti 1872 akaanza tena safari kuelekea kusini. Alikuwa amesoma kwa Herodotus, Mgiriki wa kale, habari za chemchemi za Nile, na aliamini ziko ng'ambo ya Bangweulu. Alitaka kulizunguka ziwa hilo, azione, halafu arudi nyumbani.

Sasa ninafika mahali panaponisumbua kila ninapoyasoma maisha haya. Mwaka 1868 aliliona Bangweulu wakati wa kiangazi. Vipimo vyake vya wakati ule vya kujua umbali wa mashariki na magharibi vilikuwa na kosa, kwa sababu saa zake za kupimia ziliharibika. Aliporudi, ramani yake mwenyewe ilimdanganya. Alifika kaskazini-mashariki ya ziwa mnamo Januari 1873, katikati ya masika, mawingu yamefunga anga, hawezi kupima nyota. Mtu aliyekuwa ameandika kwa makini kuliko wote jinsi mabonde yale yanavyoshiba na kufurika aliingia ndani yake katika mwezi mbaya kabisa wa mwaka. Alijua neno. Alijua na maana yake. Lakini alikuwa na hamu kubwa ya kuziona chemchemi, na hamu hiyo haikungoja kiangazi.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya maji tu. Ziwa na nchi kavu havikuweza kutenganishwa. Alikuwa akitokwa na damu, hawezi kutembea. Susi na wengine walimbeba mabegani kwa kupokezana, maji yakiwafika kifuani, wengine vinywani, na kila bonde lilipovukwa lilifuata jingine. Mwezi wa Aprili wakamtengenezea machela, ambayo katika shajara anaiita kwa neno letu, kitanda. Maandishi yake yalizidi kuwa mafupi. Mstari wa mwisho aliuandika tarehe 27 Aprili. Walimfikisha kijiji cha Chitambo, wakamjengea kibanda, na mnamo tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa.

Yaliyofuata yalifanywa na wenzake Waafrika. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874, pamoja na shajara zake zote. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi waliletwa Uingereza mwaka huo, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akizihariri shajara, wakamweleza mahali, watu na mambo ambayo maandishi peke yake hayakuyaeleza. Kwa hiyo kitabu kilichotuhifadhia maana ya sponji kilisimama pia juu ya kumbukumbu za watu wawili waliokuwa wamezivuka kwa miguu yao, na mmoja wao akiwa na mzee mgonjwa mabegani.

Na neno lenyewe lilikwenda wapi? Katika Kiingereza cha leo cha wataalamu wa udongo na maji, mabonde hayo huitwa dambo, neno la wenyeji wa Malawi na Zambia. Sponji ya Livingstone imebaki katika vitabu vya safari. Naona ni haki. Wenyeji walikuwa na jina kabla yake, na jina hilo ndilo lililoshinda. Hata hivyo, mtu anayetafsiri asiridhike haraka. Jina la mahali hutaja mahali. Livingstone alipochagua sponji alikuwa akitafuta kusema jinsi mahali panavyofanya kazi, na hilo ndilo lililokosekana katika karatasi yangu.

Nilipojaribu kulitia neno lake katika Kiswahili nilipitia maneno tuliyo nayo. Gharika ni kubwa mno, hutukumbusha Nuhu na safina. Mafuriko hutokana na kufurika, nayo hutaja wakati maji yamekwisha kutoka, yaani mwisho wa hadithi. Kinamasi na tingatinga hutaja matope, lakini hayasemi lolote kuhusu kunywa. Kwetu wanaosema Kinyarwanda huita bonde la namna hiyo igishanga, na jina hilo kila mtu analielewa, lakini nalo ni la mahali. Nikafikiria kuandika sponji tu, kwa kuwa magodoro ya sponji yako kila soko. Mwalimu wetu alinishauri niache kamusi na niulize nyumbani.

Nilimuuliza mama, ambaye amelima viazi na maharage kando ya kijito kile kwa miaka yote ninayoikumbuka. Sikumuuliza neno. Nilimuuliza anajuaje siku ya kutovuka. Aliniambia kwamba yeye haangalii mawingu. Anaangalia alama ya mguu wake katika shamba la bondeni. Ukikanyaga na alama ikabaki kavu, udongo bado una njaa. Ukikanyaga na maji yakajaa katika alama kabla hujainua mguu wa pili, udongo umeshiba, na hapo hata mvua ya mtoto inatosha kukichukua kijito. Alisema hayo akiendelea kuchambua maharage, kama mtu anayeeleza jambo lisilo na siri.

Udongo umeshiba. Livingstone alitembea maelfu ya kilomita na kuandika kurasa kadhaa ili kufikia maana hiyo. Mimi nilikuwa na mama aliyekuwa nayo jikoni, nikaandika mvua kubwa. Sisemi hivi kwa kumdharau Livingstone. Bila kusoma shajara zake nisingejua swali la kumuuliza mama. Neno geni lilinionyesha mahali palipo na pengo katika sentensi yangu, na lugha ya nyumbani ikaliziba.

Mwaka jana karatasi ile iliandikwa upya. Safari hii nilikwenda nayo kwa jirani yetu kabla ya kuipeleka kwa wenye kuichapa. Inasema kwamba udongo ukishiba kijito si cha kuvukwa, hata kama jua linawaka, na inaeleza alama ya mguu. Jirani yetu aliisoma polepole, mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda. Aliniomba nibadilishe mahali pamoja: niliweka jua mwishoni mwa sentensi, naye akataka liwe mwanzoni, kwa sababu, alisema, mtu mwenye mzigo huwa anasoma maneno ya mwanzo tu. Nikalihamisha.